Nukta Chini ya Maneno Yaliyokatwa

Leo Jumapili, saa tisa na dakika kumi alasiri, ndipo nimeanza kuandika haya. Nimekaa chumbani, mlango nimeurudishia, mama anajua nafanya hesabu. Saa kumi na nusu natakiwa niwe barazani kwa Mhariri, nikae kwenye kigoda cha wabanguaji, nibangue korosho huku yeye ananisomea hadithi yake mwenyewe. Ile anayoitunza kwenye bahasha siku zote. Hajawahi kumsomea mtu yeyote hapa mtaani Rasbura, Lindi. Jumanne alfajiri anaondoka kwenda kukaa kwa mwanawe Dodoma kwa sababu ya macho, na juzi aliniambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema:

"Ukiniambia imekamilika, nakwenda nayo ikachapwe. Ukiniambia bado, basi ni bado, mimi sina tena macho ya kuanza upya. Kwa hiyo uje umejiandaa."

Nijiandae nini? Mimi darasani sijanyoosha mkono tangu kidato cha kwanza. Kwenye ripoti yangu kila muhula mwalimu wa darasa anaandika "mpole mno". Dukani nikirudishiwa kitu siyo nilichoagiza nakichukua hivyo hivyo, mama ndiye anayekwenda kugomba. Leo nimwambie mtu mzima, tena yeye, kwamba hadithi yake nzuri au mbaya. Naandika juu yake kwanza ili nimjue vizuri ninayekwenda kumwambia.

Mhariri si jina lake. Jina lake nalijua, liko kwenye kadi yake ya kliniki, lakini hapa mtaani hakuna anayelitumia. Wakubwa wanamwita Mhariri, wadogo tunamwita Bibi tukiwa mbele yake na Mhariri tukiwa pembeni. Alifanya kazi Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha uchapaji, akisoma vitabu vya watu kabla havijawa vitabu. Bi Somoe, anayebangua naye korosho, huwa anamweleza kwa wageni hivi: "Huyu alikuwa anasoma kabla ya watu wote. Ukikuta kosa kwenye kitabu chako, ujue siku hiyo alikuwa anaumwa." Nilipomuuliza mwenyewe kama ni kweli alisema, "Uongo. Makosa mengine niliyaacha makusudi, mwandishi alikuwa mkorofi."

Tulijuana kwa sababu ya usahaulifu wangu. Mama alinituma korosho za wageni, nikaweka daftari langu barazani kwake ili nishike sahani kwa mikono miwili, nikaondoka na sahani bila daftari. Lile daftari lilikuwa na hadithi yangu ya siri. Usiku kucha sikulala. Kesho yake natoka shule namkuta amesimama getini kwetu, penseli imechomekwa kwenye kilemba, daftari mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hili lako?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa ameliandika kwa penseli kila mahali, nilitaka ardhi ipasuke.

"Kurasa mbili za mwanzo unapiga hodi tu," alisema. "Hodi, hodi, hodi, jua linachomoza, ndege wanaimba, hodi. Mlango uko wazi mwanangu, ingia. Ukurasa wa tatu umeingia. Kesho uje na huo wa tatu."

Nilimchukia kama siku nne. Siku ya tano nikaenda.

Sasa nieleze jinsi anavyofanya kazi, kwa sababu sidhani kuna mtu mwingine anafanya hivyo. Jioni wanakaa watatu barazani: yeye, Bi Somoe ambaye kwao ni kijiji cha Kikole kama yeye, na Mama Pendo, Mmakonde wa huku juu karibu na stoo ya maji. Korosho zimekaangwa asubuhi kule nyuma, moshi wake wote tunaujua, unauma macho mtaa mzima. Jioni ni kubangua tu. Wanajipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasiwababue, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake cha mti. Weka, gonga, banja, kiini kwenye ungo, ganda kando. Ta. Ta. Ta. Mwenye hadithi anakaa mbele yao, anasoma kwa sauti. Wao hawatakiwi kusema lolote. Mhariri naye anainamisha kichwa, anafumba macho, wala hakusikilizi wewe. Anasikiliza vigongo.

Vigongo vikienda sawasawa, ta, ta, ta, na haraka kuliko mwanzo, anainama mbele na kuweka mstari pembeni mwa ukurasa ulioushika. Maana yake hapo hakuna anayekusikia, watu wamerudi kwenye korosho zao. Vikipungua mwendo anaacha. Kimoja kikinyamaza anaweka kialama kidogo kama jicho. Vyote vitatu vikinyamaza, kwa sababu na yeye mwenyewe anabangua, haweki kitu. Anasema tu, "Endelea, usisimame wewe."

Mara ya kwanza nilisoma kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Mama Pendo alisema, "Huyu mtoto anasoma au anasali?" wakacheka, nami machozi yakaanza kunilenga. Kuanzia hapo nikaona maajabu. Vigongo vya Bi Somoe na Mama Pendo vikawa vinanyamaza kila baada ya mistari michache. Nikajiona nimefika. Nilipomaliza, Mhariri akafumbua macho akawageukia.

"Nyinyi mnamdanganya mtoto wa watu."

"Aka! Tumemdanganya nini?" Bi Somoe akauliza. "Si tulikuwa tunasikiliza?"

"Mtu anayesikiliza, kigongo kinabaki hewani na korosho iko juu ya jiwe. Wewe Somoe unamaliza kwanza kubanja, unatoa kiini, unaweka kwenye ungo, unapangusa mkono, ndipo unanyamaza. Hiyo ni adabu. Adabu yenu wekeni kwenye chai."

Mama Pendo alicheka mpaka akamwaga ungo. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, lakini njiani nikafikiri: kumbe wale wamama walinionea huruma, na kumbe huruma ina sauti yake, na yule bibi anaijua.

Watu wangetegemea nimnukuu akisema kuandika ni kama kubangua korosho. Nilimwambia mimi hivyo siku moja, nikidhani nitamfurahisha. Akasema, "Siyo. Korosho ina kiini, unajua kabla hujagonga. Hadithi unaweza kugonga mwaka mzima ukakuta ganda mpaka ndani." Kisha akaendelea kubangua. Hapendi mifano. Ukimletea "macho yake yalikuwa kama nyota" anakuuliza, "Nyota gani? Wewe ulimwona lini, usiku?"

Kingine asichokipenda ni kulia. Nilikuwa na hadithi ambayo mama analia. Akahesabu kwa vidole mbele ya wenzake. "Huyu mama amelia mara nne na uji bado haujaiva. Ana maji kiasi gani mwilini?" Mama Pendo akadakia: "Mpeni dripu!" Mpaka leo nikiandika mtu analia nasikia sauti ya Mama Pendo.

Na bado mwenyewe ni mtu wa kulia, tena kwa hadithi za ovyo kuliko zote. Mama Pendo yuko kwenye kundi la simu wanakorushiana hadithi za vipande, zile zinazokatikia mahali patamu halafu unaambiwa usubiri kesho. Makosa kila mstari, mhusika anaanza anaitwa Rehema anamaliza anaitwa Rukia. Mhariri anamwambia Mama Pendo asome kwa sauti, na analia. Analia kweli, anajifuta kwa ncha ya kanga yenye majivu, uso unabaki na michirizi. Nilimuuliza kwa nini. "Yule anayeandika hana muda wa kujipendezesha," alisema. "Anamkimbilia yule mtoto asife. Sisi wengine tunakaa kutengeneza nywele." Jibu hili sikulielewa wakati ule.

Anasahihisha kila kitu. Kadi ya harusi ya jirani aliirudisha ina penseli, siku mbili kabla ya harusi, wakati kadi zote zimeshasambazwa. Mama wa bwana harusi hakumsalimia mpaka mjukuu alipozaliwa. Bango la saluni pale njia panda, alimwambia mwenye saluni kwamba limeandika mambo saba na anayesuka ni mmoja, apunguze. Akapunguza. Anasikiliza tamthilia ya redioni na kuizima dakika tano kabla haijaisha. "Imeshaisha," anasema, "wao hawajajua." Bi Somoe anagombana naye kwa hilo kila wiki: "Na mimi nataka kuona wakipatana!" "Wamepatana pale alipomwekea maji ya kuoga. Sasa hivi wanatoa hotuba."

Kifutio hana. Anasema kifutio kinaficha ushahidi. Anakata kwa mstari mmoja mwembamba ili neno lionekane bado, "maana huenda kesho ujinga ukawa umenipungua". Alinifundisha alama zake zote, zile walizotumia kiwandani. Mstari wenye kitanzi mwishoni: ondoa. Kitu kama paa la nyumba: ingiza hapa. Mistari miwili iliyosimama: ukae mbali kidogo. Na moja ya ajabu, nukta nukta chini ya neno lililokatwa. Hiyo maana yake, nilikosea kukata, lirudishwe kama lilivyokuwa.

"Hiyo unaitumia lini, Bibi?"

"Mimi? Sijawahi kuihitaji."

Alisema kwa kujivuna, siwezi kuficha. Ni mtu wa kujivuna. Anajua anajua.

Lakini kuna jambo moja lililonifanya nirudi kwake hata siku zile aliponikata kurasa nzima. Niliandika hadithi ya bibi yangu mzaa mama, wa kijijini Nyangamara, siku ambayo wajomba walikwenda kumhamisha nyumbani kwake wamlete mjini kwa sababu ya ugonjwa. Mwisho nilimwandika bibi anasimama mlangoni, anatubariki wote mmoja mmoja, maneno mazuri sana, ukurasa mzima. Niliupenda ule ukurasa mpaka niliukariri. Vigongo vikaenda ta ta ta ta ta. Hata adabu walishindwa.

Mhariri akaniuliza, "Alisema hivyo kweli?"

"Hapana, Bibi."

"Alisema nini?"

Niliona aibu. "Alisema, nani kachukua chungio langu la nazi."

Bi Somoe kigongo juu. Mama Pendo kigongo juu.

"Wakajibu nini?"

"Hakuna aliyejibu. Alikuwa nalo mjomba, alikuwa ameshalifunga kwenye mizigo. Bibi akawa anazunguka ndani analitafuta, gari linapiga honi."

"Mwanangu," Mhariri akasema taratibu, "unalo chungio, halafu unatuletea hotuba?"

Nikakata ukurasa mzima kwa mkono wangu, nikaweka chungio. Nilipomaliza kusoma upya, Bi Somoe aliinuka akaenda ndani. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mwenye barabara.

Kwa hiyo ni mkweli. Ndivyo ningemaliza, kama si mzee mmoja mjane aliyekuwa akifanya kazi ghalani. Alimletea Mhariri utenzi aliomwandikia marehemu mkewe, kurasa kumi na kitu, mwandiko wa kujikaza. Mhariri hakumwambia asome mbele ya vigongo. Alizisoma mwenyewe kimyakimya, akazirudisha bila hata doa la penseli. "Umekamilika, mzee." Yule mzee akashika mikono yake miwili.

Alipoondoka nikauliza, "Ulikuwa mzuri?"

"Mbaya kabisa. Vina vyote vimevunjika."

"Mbona hukumwambia?"

"Kwani alileta utenzi? Alimleta mkewe nimwone. Nimemwona."

Hapo ndipo penye shida yangu leo. Hajaniambia anachoniletea. Kama analeta hadithi, nikimdanganya nitakuwa nimemtukana, atakwenda kuchapa kitu kilichokufa na jina lake juu yake, yeye aliyeokoa vitabu vya watu maisha yake yote. Kama analeta kitu kingine kama yule mzee, nikimwambia ukweli nitakuwa nimemfukuza Lindi kwa mikono yangu. Macho yenyewe hayapo tena. Kwenye hadithi zangu siku hizi anashindwa kuona penseli yake mwenyewe, anaweka mstari juu ya mstari.

Saa kumi na robo. Nimeamua. Nitasimamisha mkono. Nitasimamisha mara tatu au nne, nitamwambia imekamilika, basi. Anasafiri keshokutwa. Mungu anisamehe.

Nimerudi. Mama yuko jikoni anaunga mboga, kwa hiyo nina muda. Mkono wangu wa kushoto una uvimbe, naandika na wa kulia, si neno.

Alikuwa peke yake. Bi Somoe alikwenda Kikole msibani tangu jana, Mama Pendo hajarudi kutoka kwaya. Nadhani alichagua siku yenyewe kwa sababu hiyo. Jiwe moja, kigongo kimoja, kigoda kimoja, sahani ya majivu. Nyuma yake ndani niliona masanduku yamefungwa kamba.

"Jipake majivu vizuri mpaka kwenye kucha," alisema. "Umewahi kubangua?"

"Kidogo, kwa bibi."

"Vipande vingi, nzima chache?"

"Vipande vyote, Bibi."

Akacheka. Akatoa karatasi kwenye bahasha. Zimepigwa taipu, wino mweusi, zimekuwa rangi ya chai. Kurasa tisa. Akaziweka karibu na uso mpaka zikakaribia kugusa pua, akaanza.

Hadithi ni ya binti wa Kikole ambaye mama yake anamtuma Lindi kwa miguu na kwa lori, akamwambie baba yake arudi nyumbani. Baba amekaa mjini mwaka wa pili, ana mji mwingine na mwanamke mwingine. Binti anafika, anamwambia, baba anampa salamu za kurudi nazo.

Ilikuwa safi. Hakuna neno lililozidi. Kila sentensi imekaa sawa kama meza za chumba cha mtihani. Na mimi, jamani, mkono wangu ukaanza kukimbia. Ta, ta, ta. Nilishtuka kusikia ninavyobangua haraka. Nikakumbuka uamuzi wangu, nikanyamaza. Nikahesabu mpaka tano, nikaendelea. Baada ya mistari kadhaa nikanyamaza tena.

Akaacha kusoma. "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Akaupapasa ule wa kushoto, vidole vyake vikatafuta kiganjani.

"Mtupu," akasema. "Korosho iko wapi?"

"Nimeweka kwenye ungo, Bibi."

"Hata wewe." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningevumilia. "Bangua, mwanangu. Niachie vigongo vyangu kama vilivyo, sina kingine cha kuonea."

Nikabangua. Ta, ta, ta, nikaiacha ikimbie inavyotaka, na kila pigo nilijua analisikia, na aliendelea kusoma hivyo hivyo, sauti ileile, kama mtu anayesomewa hukumu na yeye ndiye anayeisoma. Ukurasa wa pili. Wa tatu.

Halafu akasoma: "Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha ya watu wawili, ingawa nilikuwa nakwenda peke yangu."

Nikajigonga kidole. Nilipiga kelele kabisa. Kigongo kikaviringika mpaka chini ya ngazi.

"Nini?"

"Hapo, Bibi. Rudia hapo."

Akarudia, akisogeza karatasi. Akakunja uso. "Hii haimo," akasema. "Hii nilishaikata."

Nikainuka nikatazama. Kweli. Kulikuwa na mstari wa penseli juu yake, umefifia kabisa, mimi mwenyewe niliuona kwa kugeuza karatasi kwenye mwanga. Macho yake yaliona wino, hayakuona penseli. Nikageuza ukurasa mwingine, na mwingine. Ilikuwa imejaa. Kila ukurasa una sentensi tatu, nne, sita zimekatwa, mstari mwembamba mmoja, kitanzi mwishoni. Aliposoma zile kurasa za kwanza alikuwa akizikumbuka kwa moyo sentensi zilizokatwa, akaziruka. Hii moja ilimponyoka.

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Nilisema nikiangalia ungo.

"Bibi, bado. Haijakamilika. Ilikuwa imekamilika ukaikata."

Sikuwahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa namna hiyo. Jirani mtu alikuwa anachota maji, ndoo ikajaa, akachota nyingine.

"Nilikata ile ya mihogo kwa sababu mama alikuwa hai," akasema. "Angeisoma. Halafu nikakata na nyingine ili ile isionekane imekatwa peke yake. Halafu ikawa mazoea, nikaona inapendeza." Akapapasa chini akitafuta kitu. "Kigongo kimeangukia wapi?"

Nikakiokota nikampa.

"Nisomee. Zile tu. Hizi nyingine nazijua."

Tukabadilishana viti. Akajipaka majivu. Nikamsomea zilizokatwa, moja moja, bila mpangilio. Kwamba kwenye lori mwanamke alimuuliza binti kwa nini ameshika kifurushi kama mtoto mchanga. Kwamba baba alikuwa na viatu vipya na aliviangalia yeye mwenyewe mara mbili. Kwamba yule mwanamke wa mjini alikuwa mwema, alimpaka mafuta miguuni, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alibangua polepole kwa kupapasa, nzima, nzima, nzima, hakuvunja hata moja. Nilipofika kwa yule mwanamke na mafuta ya miguu kigongo hakikushuka. Sikuinua uso. Aliwahi kuniambia, "Endelea, usisimame wewe," basi nikaendelea.

Ukurasa wa saba kulikuwa na sentensi iliyokatwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Mwanga ulikuwa umepungua, nikashindwa kuisoma. Nikamwambia. Adhana ya magharibi ikaanza, akajipangusa majivu kwenye kanga.

"Nenda, mama yako atakutafuta." Kisha akanisukumia bahasha. "Ichukue hii. Penseli unayo?"

"Ninayo."

"Ngumu au laini?"

"Ya kawaida tu ya shule."

"Itatosha. Uniletee kesho ukitoka shule, kabla hawajafunga sanduku la mwisho."

Nilipofika chini ya ngazi akaniita.

"Wewe. Zile mara mbili ulizonyamaza kwa adabu. Nilizisikia toka ya kwanza."

"Samahani, Bibi."

"Za Somoe zilikuwa bora zaidi."

Jumatatu. Niliamka kabla ya mama, nikafungua dirisha, nikaweka kurasa tisa mezani, nikaanza. Chini ya kila sentensi iliyokatwa nikaweka nukta, moja moja, chini ya kila neno, polepole, kama alivyonifundisha. Mihogo ya watu wawili. Kifurushi kama mtoto mchanga. Viatu. Mafuta ya miguuni. Nilipofika ukurasa wa saba nikaushika dirishani, jua likapita kwenye matobo, nikausoma.

"Fungu la baba nililila njiani wakati wa kurudi, nikamwambia mama amelila yeye."

Nilichukua kiporo cha ugali jikoni, nikakilainisha kwa maji, nikakata kipande cha karatasi kutoka nyuma ya daftari langu nikakibandika kwa nyuma ili matobo yafungike. Nikasubiri kikauke. Sare nilikuwa bado sijavaa, mama ananiita mara ya pili. Kilipokauka nikachonga penseli upya, nikaweka nukta chini ya maneno yote kumi na mawili, hata yale yaliyokuwa yametoboka.